Kirekodi data cha njia nne na masafa ya umeme: miezi mitano kwenye mtambo wa barafu, Pemba

Kifaa ninachokizungumzia hapa ni kirekodi data cha njia nne, kisanduku cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja, ambacho nimekuwa nikikitumia kwa muda wa miezi mitano kwenye mtambo wa kutengeneza barafu ulio karibu na diko la Wesha, kisiwani Pemba. Njia mbili kati ya hizo nne hupokea volti zinazopanda na kushuka na kuzigeuza kuwa tarakimu, na njia mbili zilizobaki huhesabu mapigo. Jina lililochapishwa kwenye boksi sitalitaja, kwa sababu nimekwisha kuviona vifaa vitatu vyenye majina matatu na ndani bodi ni ileile moja, kwa hiyo jina halitamfaa mnunuzi. Kitakachomfaa ni kujua atumie njia ipi ya kifaa na kwa kazi gani. Mimi nilikitaka kwa kazi moja: kupima masafa ya umeme, yale ambayo mafundi wengi huyaita frikwensi, yaani idadi ya mizunguko ya wimbi la umeme kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi, usiku na mchana, na kuyaandika bila ya mtu kusimama mbele ya mita.

Mota ya kompresa ya mtambo wetu ilikuwa ikikatwa na kinga yake usiku, mara nyingine mara mbili kwa wiki, na kila aliyeulizwa alikuwa na jibu lake. Mzee mwenye mtambo aliamini kuwa umeme wa gridi unacheza. Mlinzi wa usiku alisema ni joto. Mimi nilikuwa nikiishuku jenereta ya akiba, lakini sikuwa na cha kuonesha. Maltimita yangu ina kitufe cha hezi na inasoma vizuri, ila inasoma pale tu ninapoitazama, na katika muda wote huo mota haikuwahi kukatwa mbele ya macho yangu.

Kwa wasiokuwa mafundi, inafaa nieleze kwa nini nilikwenda kutafuta hezi badala ya volti. Mota ya aina tuliyonayo, yenye ncha nne za sumaku, hufuata masafa: yakiwa hezi 50, uga wa sumaku ndani yake huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na mhimili hufuata nyuma kidogo. Jenereta nayo ni kinyume cha hayo, kwani mwendo wa injini ndio unaoamua masafa. Injini ikizunguka mara 1,500 utapata hezi 50, ikizunguka mara 1,560 utapata 52, na ikikosa nguvu ikashuka, masafa hushuka pamoja nayo. Mota inayopewa volti zilezile kwa masafa madogo zaidi huvuta mkondo mkubwa zaidi wa kuisumakisha, chuma chake hushiba sumaku, na joto hupanda. Kwa upande wa gridi mambo ni tofauti. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, wenye kilovolti 33, ambapo kabla yake kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli ya hapa hapa Wesha. Maana yake ni kuwa masafa ninayoyapima ukutani kwangu ni yaleyale ya mtandao wote uliounganishwa huko Bara. Volti zinaweza kushuka mwishoni mwa laini ndefu, taa zikafifia, na bado masafa yakabaki palepale. Watu wengi husema "umeme mdogo" wakiwa na maana ya yote mawili, na hapo ndipo mtafutaji wa kosa anapopotea.

Nilikinunua Unguja, katika duka moja la mtaa wa Mlandege, kwa shilingi 280,000, na nikakipandisha boti hadi Mkoani. Kuhusu duka nitasema maneno machache. Muuzaji alikuwa mkarimu, alinipa risiti bila ya kuombwa, lakini nilipomuuliza namna ya kukiunganisha na umeme wa nyumba alinijibu kwa utulivu kabisa, "Fundi, hicho unachomeka tu." Kifaa hiki hakichomekwi. Karatasi yake ndogo inasema wazi kwamba njia za mapigo hazivumilii zaidi ya volti 24, na umeme wa ukutani una volti 230, ambazo kilele cha wimbi lake hufika 325. Aliyemfuata muuzaji yule angepoteza kifaa siku ya kwanza, na kama waya wa USB ulikuwa kwenye kompyuta, angepoteza na kompyuta, na pengine hata mkono wake ungekuwa hatarini.

Kwa hiyo bei ya kweli si 280,000. Ongeza transfoma ndogo ya kuteremsha 230 hadi 9, fyuzi upande wa umeme mkubwa, kisanduku cha kufungia vyote viwili, na nusu siku ya kazi. Transfoma inafanya mambo mawili kwa pamoja: inateremsha volti, na inatenganisha kabisa waya za kifaa na waya za gridi, jambo ambalo rezista mbili za kugawanya volti haziwezi kulifanya hata zikihesabiwa kwa uangalifu namna gani. Ukumbuke pia kwamba transfoma ndogo isiyokuwa na mzigo hutoa zaidi ya hizo 9 zilizoandikwa, na kilele kiko juu zaidi. Upime kabla ya kuunganisha.

Mimi mwenyewe sikuanza na transfoma. Duka lile lile liliniuzia kibodi, yaani bodi ndogo ya elektroniki, cha kutenganisha kwa mwanga, ambacho kinawasha taa ndogo ndani yake kila umeme unapopita na upande wa pili unaiona taa hiyo bila ya kuguswa na waya. Ni njia nzuri na salama. Usomaji wa kwanza ulikuwa hezi 100. Nilizima, nikawasha, ukawa 100 tena, umetulia kama maji ya mtungi. Rafiki yangu mmoja, Maalim wa fizikia katika skuli moja ya Chake Chake, alipokitazama alicheka kabla ya kukaa. Kibodi kilikuwa na taa mbili zilizoelekeana, moja kwa kila upande wa wimbi, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa umeme ulikuwa ukitoa mapigo mawili, na kirekodi kilihesabu kwa uaminifu alichopewa. Ningeweza kugawa kwa mbili na kuendelea, lakini taa mbili hazilingani kabisa, na kipindi kimoja hutoka kirefu kuliko mwenzake. Nikarudi kwenye transfoma na diodi moja, ambayo hupitisha upande mmoja tu wa wimbi.

Hapo usomaji ukawa 50, isipokuwa kila mashine ya kuvunjia barafu ilipowashwa, ambapo kifaa kiliandika 150, au 163, kisha kikarudi. Huo si umeme uliokimbia. Hata linapovuka sifuri, wimbi la hezi 50 huenda polepole likilinganishwa na makelele ya swichi na mota, na makelele hayo yakilipanda juu yake hulifanya livuke mpaka mara tatu nne badala ya mara moja. Watengenezaji wameweka kinga dhidi ya hilo: pigo huhesabiwa volti zinapopita 2.0, na jingine halikubaliwi mpaka zishuke kwanza chini ya 0.8. Kwa karakana tulivu, kinga hiyo inatosha. Kwa mtambo wenye mota za kuwashwa na kuzimwa, haitoshi, na ilinibidi niongeze kichujio cha rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100, ambacho huanza kuyafifisha mawimbi yaliyo juu ya hezi 159 hivi. Kichujio hulichelewesha wimbi kidogo, lakini hulichelewesha kila mzunguko kwa kiasi kilekile, kwa hiyo masafa hayaharibiki. Tangu siku hiyo sijaona 150 tena.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua kama kifaa hiki kinafaa au hakifai. Njia za mapigo zina namna mbili za kupima masafa, na kiwandani wameziacha kwenye ile isiyofaa kwa umeme wa hezi 50. Namna ya kwanza ni kuhesabu: kifaa hufungua mlango kwa sekunde moja, huhesabu mizunguko iliyopita, hufunga, huandika. Umeme ukiwa hezi 50.3, utaandikwa 50 sekunde hii na 51 sekunde nyingine, na grafu yake itakuwa ngazi isiyokuwa na maana. Mtu mwenye pishi peke yake, bila ya kibaba, hawezi kukupimia robo. Unaweza kuufungua mlango kwa sekunde kumi ili upate sehemu ya kumi ya hezi, lakini kompresa yetu inapowashwa na jenereta, masafa huzama na kuibuka ndani ya sekunde mbili. Kwa mlango wa sekunde kumi tukio zima huyeyuka katika wastani.

Namna ya pili ni kupima kipindi. Kifaa hakihesabu mizunguko ya umeme bali hupima mzunguko mmoja una urefu gani, kwa saa yake ya ndani inayopiga mara milioni moja kwa sekunde. Mzunguko wa hezi 50 una milisekunde 20, yaani mapigo 20,000 ya saa hiyo. Ukirefuka kwa pigo moja tu, ukawa 20,001, masafa ni 49.9975. Kwa hiyo katika muda mmoja wa kufumba na kufumbua unapata usomaji ambao namna ya kwanza isingekupa hata kwa dakika tano. Ukiongeza wastani wa mizunguko 50, yaani sekunde nzima, usomaji huwa mzuri kupita mahitaji ya mtambo wowote wa barafu. Namna hii nayo ina mpaka wake, na karatasi haiutaji: kadiri masafa yanavyopanda, kipindi hufupika na mapigo ya saa hupungua. Kwenye hezi 10,000 kipindi kina mapigo 100 tu, na kosa la pigo moja ni asilimia moja. Kwa kifaa hiki na mlango wa sekunde moja, namna mbili hizi hukutana kwenye hezi 1,000. Chini ya hapo tumia kipindi, juu ya hapo hesabu. Kwa nini jambo hilo lifichwe kwenye ukurasa wa tatu wa mipangilio, nyuma ya kitufe kisichokuwa na jina la maana, sikufahamu.

Usomaji wenye tarakimu nyingi si lazima uwe wa kweli, kwa sababu kila kitu kinategemea saa ya ndani. Nilipofungua kisanduku niliona kioo kimoja tu cha kuzalisha mapigo, ndicho kinachoendesha hesabu na ndicho kinachotunza tarehe, na hilo likanipa njia rahisi ya kukipima bila ya maabara. Nililinganisha saa ya kifaa na saa ya simu iliyosawazishwa na mtandao, nikakiacha kwa siku kumi, nikalinganisha tena. Kilikuwa kimechelewa sekunde 26. Siku kumi zina sekunde 864,000, kwa hiyo kosa ni sehemu 30 hivi katika milioni, na kwenye hezi 50 kosa hilo ni 0.0015. Saa inayochelewa huhesabu mapigo machache katika kila kipindi, kwa hiyo kifaa changu husoma juu kidogo ya ukweli. Kwangu ni kosa la kusamehewa kabisa. Atakayekuta vioo viwili ndani ya chake asiutegemee mtihani huu, kwani huenda akawa anaipima saa ya tarehe na si saa ya kuhesabia.

Kuhusu njia mbili za volti nitakuwa mkali zaidi. Boksi linasema "sampuli 1,000 kwa sekunde", yaani kifaa huzisoma volti mara 1,000 kila sekunde, na muuzaji alilitumia neno hilo kunihakikishia kuwa kifaa kinapima hadi hezi 1,000. Si kweli kwa sababu mbili. Kwanza, hizo 1,000 hugawanywa kwa njia zote zilizowashwa, na nikiwasha zote nne nabaki na 250 kwa kila moja. Pili, kanuni ya sampuli, ambayo kwa kawaida huhusishwa na majina ya Nyquist na Shannon, inataka sampuli zizidi mara mbili ya masafa unayotaka kuyaona, kwa hiyo 250 zinanipa chini ya hezi 125. Kilicho juu ya hapo hakipotei, na afadhali kingepotea; hurudi kikiwa na sura ya kitu kingine. Wimbi la hezi 150, ambalo hupatikana sana pale penye taa na chaja nyingi, hujionesha kwenye grafu hiyo kama hezi 100. Ukiteremsha sampuli hadi 40 kwa sekunde ili kuokoa kumbukumbu, umeme wa hezi 50 utauona kama hezi 10, mzuri, laini, na wa uongo. Kila aliyewahi kukaa chini ya feni ya dari penye taa ya mrija amewahi kuona mapanga yakisimama au yakirudi nyuma. Jicho lake lilikuwa likidanganywa kwa namna hiyo hiyo. Kifaa chenye heshima huweka kichujio mbele ya njia zake za volti ili kuyazuia mawimbi hayo. Hiki hakina. Njia za volti nimeziachia kazi ya kusoma joto la tangi la maji ya chumvi na kiwango cha dizeli, mambo yanayobadilika taratibu, na kwa kazi hizo sina lalamiko.

Matokeo yenyewe yalikuja wiki ya tatu. Usiku mmoja gridi ilikatika saa nane na dakika chache, swichi ya kubadilisha njia ikaiwasha jenereta, na grafu ikaonesha yote kwa sekunde. Kabla ya kukatika, mstari wa gridi ulikuwa ukitambaa karibu na 50 usiku kucha, bila ya chochote cha kutia shaka. Jenereta ilianza na 51.8 bila ya mzigo, kama inavyotarajiwa kwa gavana ya kawaida, ile inayodhibiti mwendo wa injini. Kompresa ilipoingia masafa yalizama hadi 46.2, yakarudi 49.6 ndani ya sekunde mbili, nayo ni hali ya kawaida pia. Kisha, baada ya dakika arubaini hivi, mstari ulianza kushuka polepole huku ukiyumba, 49, 48.4, 47.7, mpaka kinga ilipokata. Hapo nikafahamu kwa nini volti zilikuwa zikinidanganya: kidhibiti cha jenereta kilikuwa kikizishikilia karibu na 230 hata injini ilipokuwa ikikosa pumzi, na vidhibiti vya aina hiyo huanza kuziachia volti pale tu masafa yanapokwisha kushuka sana. Mota iliyokuwa ikifanya kazi karibu na kikomo chake ikawa inapewa volti zake kamili kwa masafa pungufu.

Injini ilikuwa na njaa. Chujio la dizeli lilikuwa limeziba, na chini ya tangi kulikuwa na maji na utelezi mweusi ambao sikupenda kuunusa. Tulibadilisha chujio, tukasafisha tangi, na tangu hapo, karibu miezi minne sasa, kinga haijakata hata mara moja tukiwa kwenye jenereta. Mzee alilitazama lile grafu kwa muda mrefu, akaniuliza ile mistari inayozama ni nini, nikamwambia ni kompresa ikiwaka. Akasema, "Basi fundi, umeme wa waya tulikuwa tunausingizia."

Mambo mengine kwa ufupi. Kumbukumbu ya megabaiti 4 hujaa baada ya siku sita hivi ukiandika usomaji mmoja kila sekunde, kwa hiyo kabla ya siku hizo kutimia huhamisha data kwenye kompyuta. Programu yake inafanya kazi, lakini huandika mwezi kabla ya siku, na nimewahi kupoteza saa nzima nikitafuta tukio la tarehe 4 Machi ndani ya data ya tarehe 3 Aprili. Grafu zake ni mbaya. Mimi huhamishia kwenye jedwali la kawaida na kuchora huko. Kisanduku hakikutengenezwa kwa hewa ya pwani. Ndani ya miezi miwili skurubu za kushikia waya zilikuwa na kutu ya kijani, na mguso mbovu kwenye njia ya mapigo hutoa usomaji unaoruka ovyo, unaoweza kudhaniwa kuwa ni umeme mbovu. Nimekiweka ndani ya kisanduku kisichopitisha maji pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na skurubu nimezipaka grisi.

Njia ya pili ya mapigo nimeiunganisha na mita ndogo ya maji yenye kipanga kinachozunguka, ile ya bei rahisi inayotoa mapigo 450 kwa lita. Hapo kifaa kinang'aa. Kwa lita 2 kwa dakika mapigo ni 15 kwa sekunde, na namna ya kipindi huyasoma bila ya taabu, ambapo mlango wa sekunde moja ungeyakosea kwa asilimia karibu saba.

Kwa anayetaka kufuatilia masafa ya gridi, jenereta au inveta ya sola, au mapigo ya mita za maji na za upepo, nakipendekeza, kwa sharti ajue kutengeneza upande wa transfoma au awe na fundi wa kumtengenezea. Kwa anayetaka kuona sura ya wimbi lenyewe, au kupima makelele ya inveta, pesa zake zitapotea, na atafute kifaa cha aina nyingine. Cha pili nimekwisha kukiagiza kwa ajili ya pampu ya kisima cha Vitongoji, na safari hii nimemwandikia muuzaji yule yule kwamba kibodi cha taa mbili asinifungie ndani ya boksi.